Inhela ya kupuliza: namna ya kuifikisha dawa mapafuni

Juzi nilikaa jioni nzima na mjomba wangu nikimwonyesha inhela zake. Yeye ana ugonjwa sugu wa mapafu, mimi nina pumu tangu utotoni. Dawa zetu hazifanani, lakini kosa lilikuwa lile lile lililonitesa miaka: alikuwa akiupulizia ulimi dawa. Kila akirudi kliniki anaongezewa dozi, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Hebu tumia nikuone." Naandika kwa ajili ya yeyote aliye hapo alipokuwa.

1. Fungua, chungulia, tikisa

Chungulia ndani ya mdomo wa inhela, kwa maana ikikaa mfukoni bila kifuniko huingiwa na takataka. Tikisa mara tano hivi. Kama ni mpya au imelala siku kadhaa, puliza hewani kwanza. Idadi ya mipulizo hiyo ya kuiamsha imo kwenye karatasi ya maelezo.

2. Kaa wima, toa pumzi yote

Toa taratibu, inhela ikiwa mbali na mdomo.

3. Vuta, bonyeza, endelea kuvuta

Hapa ndipo watu wengi tunapoharibu. Dawa hutoka kwenye kopo kwa kasi kubwa, na nyuma ya ulimi njia ya hewa inapinda kuelekea chini. Kitu chenye kasi hakikati kona: kinagonga ukuta wa koo na kubaki pale. Ndiyo maana unasikia ladha kali mdomoni na kifua bado kimebana.

Kwa hiyo bana midomo kuzunguka inhela, meno yakiwa wazi na ulimi chini. Anza kuvuta pumzi polepole. Pumzi ikishaanza kuingia, bonyeza mara moja tu, kisha endelea kuvuta bila kukatiza mpaka kifua kijae. Hesabu sekunde tatu hadi tano. Ukibonyeza kabla ya kuvuta, dawa imeishia mdomoni. Ukichelewa hadi kifua kimejaa, haina pa kwenda. Ukivuta kwa pupa, inagonga koo. Na usibonyeze mara mbili katika pumzi moja, hata kama umeandikiwa mipulizo miwili.

Funga mdomo, shikilia pumzi sekunde kumi au kadiri unavyoweza. Subiri nusu dakika au dakika moja, tikisa tena, rudia. Jaribu mbele ya kioo: ukiona moshi mweupe ukitoka mdomoni au puani, mpulizo huo umepotea.

4. Tumia spesa

Kwa maoni yangu, kila mwenye inhela ya kupuliza anastahili spesa, yaani chombo kitupu kinachochomekwa kati ya inhela na mdomo, mtu mzima kama mtoto. Mjomba alisema hicho ni kidude cha watoto. Nikamwomba ajaribu mara moja tu, na sasa haachani nacho. Spesa hupunguza kasi ya dawa na kukuondolea kazi ya kulinganisha kidole na pumzi. Weka mpulizo mmoja, vuta polepole na ushikilie. Kama pumzi ni fupi, pumua kawaida mara tano au sita humo humo, halafu ndipo uweke wa pili. Mtoto mdogo anahitaji ya barakoa, nayo ikae usoni bila kuacha mwanya.

Kuiosha ndiko kulikonigharimu. Nilikuwa naiosha vizuri na kuifuta kwa taulo mpaka ing'ae, kisha nashangaa dawa imepungua nguvu. Kumbe kusugua plastiki kunazalisha umeme tuli, na umeme huo unaivuta dawa ikanate ukutani. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza sehemu inayoingia mdomoni, iache ikauke yenyewe. Usiifute. Spesa mpya ya plastiki ya kawaida nayo ioshe hivyo kabla ya kuitumia.

5. Kama una ya unga pia

Mjomba anazo zote mbili, na hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi, kwa kuwa ya unga hutumiwa kinyume. Haiwekwi kwenye spesa. Unavuta kwa nguvu na kwa haraka tangu mwanzo, maana pumzi yako ndiyo inayoutimua unga. Usipumulie ndani yake, unyevu utaugandisha. Tulibandika karatasi: moja imeandikwa POLEPOLE, nyingine KWA NGUVU.

6. Sukutua

Dawa ikiwa na steroidi, sukutua mdomo na koo kwa maji, uteme. Usipofanya hivyo unakaribisha fangasi mdomoni na sauti kukwaruza. Na usiiache eti kwa kuwa huisikii ikifanya kazi. Hiyo hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa kwa siku na wiki.

Salbutamoli, dawa ya kufungua kifua haraka, ni tofauti: husikika ndani ya dakika chache. Ikishindwa kukufungua kifua, au huwezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, omba kupelekwa hospitali mara moja. Wakati mnasubiri au mko njiani, tumia spesa: mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka kumi.

7. Hesabu

Kopo lenye mipulizo 200 likiisha dawa bado hutoa gesi, kwa hiyo kulitikisa hakukuambii kitu, na kuliweka majini uone kama linaelea ni kujidanganya. Kama halina kihesabio, piga hesabu: dawa ya kila siku, mipulizo minne kwa siku, ni siku 50. Ya mjomba tumeiandika tarehe ya mwisho kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo lenyewe, kwa kuwa ganda la plastiki huchomolewa na kuoshwa.