Kupima mawasilisho ya wanafunzi wa sayansi ya ardhi: mwongozo kwa majaji na waandaaji

Tuzo ikienda kusikostahili, mara nyingi chanzo ni kile kile. Bango la utafiti lina rangi nzuri, mwenyewe anatiririka Kiingereza, majaji wanavutika. Aliyepima chemchemi 30 juani, kwa kifaa alichokirekebisha upya kila asubuhi, anaambulia makofi.

Dawa huanza kabla ya siku yenyewe. Kila mwanafunzi apangiwe majaji watatu. Msimamizi wake, aliyeandika naye ikisiri, au mtu wa maabara yake asimpime. Gawa majaji kwa kura, usiwaache wachague mada wanazozipenda, na kila mmoja aone wanafunzi wasiopungua sita. Sababu utaiona kwenye hesabu huko chini. Wa shahada ya kwanza wasishindanishwe na wa uzamivu. Tuzo iwe haba: AGU, chama cha wanajiofizikia cha Marekani, huwapa wanafunzi tuzo ya aina hii kwenye mkutano wake wa kila Desemba, na wanaoipata ni kama asilimia 2 hadi 5 tu katika kila tawi. Kwa ukumbi wa wanafunzi 40, huyo ni mshindi mmoja au wawili. Ukitoa vyeti kumi, umetoa vyeti vya mahudhurio.

Fomu ya alama 100 inatosha ukurasa mmoja: sayansi 40, uelewa na majibu ya maswali 35, uwasilishaji 25. Lafudhi na sarufi zisiwe na alama yoyote. Mwanafunzi akichanganya Kiswahili kueleza jambo gumu, na jaji akaelewa, ameeleza.

Kwenye bango tenga dakika 10: mbili za kusoma kimya, nne za maelezo yake, nne za maswali. Hizo mbili za kimya majaji wengi huziruka, kisha wanapima ulimi badala ya kazi. Bango la A0 lina sentimita 84 kwa 119. Simama mita moja na nusu. Kama maandishi hayasomeki hapo, punguza kwenye uwasilishaji, usiguse alama za sayansi.

Sasa tazama michoro, kwa sababu hapo ndipo kazi hujifichua. Chukua ramani ya Bonde la Ufa yenye mishale ya GPS, inayoonyesha ardhi inasogea upande gani na kwa kasi gani. Mishale yote mirefu, yote inaelekea kaskazini-mashariki, na mwanafunzi anasema ufa unatanuka. Muulize: kasi hii imepimwa ukilinganisha na nini? Bara zima linasogea upande huo zaidi ya sentimita 2 kwa mwaka, ilhali ufa wenyewe hutanuka kwa milimita chache tu. Asipoondoa mwendo wa bara, anachoonyesha si ufa. Angalia pia kama kila mshale una duara la shaka kwenye ncha, yaani duara linaloonyesha kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Mshale wa milimita 2 wenye shaka ya milimita 3 hauthibitishi kitu, na mwanafunzi anayelisema hilo mwenyewe kabla ya kuulizwa anastahili alama nyingi.

Michoro ya mkato wa miamba nayo ina mtego wake. Ukikuza kipimo cha wima mara 5, mpasuko wa miamba ulioinama nyuzi 30 huonekana kama wa nyuzi 71. Kama ukuzaji haujaandikwa, uliza.

Maswali mazuri ni mafupi. "Sehemu ipi uliifanya mwenyewe?" hutenganisha kazi yake na ya msimamizi. "Matokeo gani yangekufanya uache hitimisho hili?" huonyesha kama ameelewa au amekariri. Lingine litoke ndani ya mada yenyewe. Kwa mfano, anayetafuta lava ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya Tanzania, kwa picha za joto za setilaiti aulizwe kiwango cha joto anachotumia kuitambua lava amekitoa wapi. Lava ile hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la basalti, lava ya kawaida, kwa hiyo kiwango kilichowekwa kwa basalti kinaweza kuikosa kabisa. Akijibu "sijui, ila ningeanza kwa kuangalia hiki," mpe alama. Majibu ya kubuni ndiyo ya kukata.

Majaji wajaze fomu papo hapo, kabla ya kwenda kwa mwingine, na wasijadiliane hadi zote zikusanywe.

Kisha hesabu. Usijumlishe alama ghafi, kwa maana kuna jaji mkarimu na jaji mkali. Tuseme wastani wa jaji wa kwanza ni 85 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zake zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 6. Wa pili ni 65 na 9. Mwanafunzi aliyepewa 88 na wa kwanza yuko juu ya wastani kwa (88−85)/6, yaani 0.5. Aliyepewa 74 na wa pili yuko juu kwa (74−65)/9, yaani 1. Kwa alama ghafi wa 88 angeshinda. Kwa haki, wa 74 ndiye aliye mbele. Hesabu hii haina maana kama jaji ameona wawili au watatu tu, na ndiyo maana ya wale sita. Kura nayo inasaidia, maana bila hiyo jaji anaweza kuonekana mkali kumbe alipangiwa kundi dhaifu.

Wawili wakilingana, rudi kwenye alama za uelewa.

Kila mwanafunzi, mshindi au la, apate sentensi mbili za maandishi ndani ya wiki moja: lililofanya kazi, na la kurekebisha. "Kazi nzuri, endelea hivyo" haimsaidii. "Weka duara za shaka kwenye Mchoro wa 3" inamsaidia.