Namna ya Kuyachunga Mapafu ya Mgonjwa Aliyewekewa Chuma Pajani

Mfupa wa paja ukivunjika na mgonjwa akawekewa chuma, macho ya kila mtu huelekea mguuni, ilhali katika siku 3 za mwanzo kifua ndicho kinachohitaji kuchungwa zaidi. Ndani ya mfupa huo mna uboho wenye mafuta mengi. Unapovunjika, au daktari anapoutoboa katikati ili msumari wa chuma upite, shinikizo hupanda, na matone ya mafuta husukumwa kwenye mishipa ya damu, yakapita moyoni na kukwama katika vijishipa vyembamba vya mapafu. Wengi hawadhuriki kwa hilo. Wachache hushindwa kupumua, kwa kawaida kati ya saa 24 na 72 baada ya kuumia.

Kinga huanza kabla ya upasuaji: mguu ufungwe gango mapema, usitikiswe ovyo. Mgonjwa ambaye hali yake ni imara hufaidika mfupa ukiungwa ndani ya saa 24, lakini aliyeumia kifua vibaya au kupoteza damu nyingi huenda akawekewa kwanza vyuma vya kushikilia mfupa kwa nje ya mguu, na msumari baadaye, na ndugu wasidhani amepuuzwa.

Baada ya upasuaji, hesabu pumzi. Subiri mgonjwa atulie, wala usimwambie unachofanya, kwani mtu akijua anahesabiwa hubadili upumuaji wake. Tazama kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, kisha andika idadi na wakati. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20; zikifika 25, au zikiwa zinaongezeka kila unapohesabu, mwite muuguzi papo hapo. Fanya hivyo pia ikiwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni kimeshuka chini ya asilimia 94 kwa mtu asiye na ugonjwa wa mapafu wa zamani, baada ya kuhakikisha kidole si cha baridi na ukucha haukupakwa rangi.

Dalili za mafuta hayo huonekana pia katika maneno na ngozi ya mgonjwa, hivyo sikiliza maneno yake. Mgonjwa anayeuliza swali lilelile mara tatu, au asiyejua yuko wapi, asisingiziwe tu nusukaputi. Kagua makwapa, shingo na sehemu ya juu ya kifua kama kuna vidoa vyekundu vidogo visivyofifia ukivibonyeza. Kwa ngozi nyeusi, vuta taratibu kope la chini utazame ndani yake. Kukosekana kwa vidoa si uthibitisho kwamba yuko salama, kwa kuwa wagonjwa wengi hawavipati kabisa. Hakuna dawa ya kuyayeyusha mafuta hayo: tiba ni oksijeni, na pengine mashine ya kupumulia, hadi mapafu yapone yenyewe, ndiyo maana kuwahi kugundua kuna thamani kubwa.

Nimonia huwanyemelea wanaolala chali wakiogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu. Mgonjwa apewe dawa za maumivu kwa wakati, ainuliwe kichwa, avute pumzi ndefu mara 10 kila saa anapokuwa macho, na akae au asimame mara tu daktari anaporuhusu.

Damu iliyoganda mguuni huchelewa zaidi, na inaweza kupanda mapafuni wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo mara nyingi huendelea kwa takriban mwezi mmoja, visikatishwe kwa sababu mguu umepata nafuu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usilikande kamwe. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Akipatwa ghafla na kichomi anapovuta pumzi, akihema akiwa amekaa tu, akizirai au akikohoa damu, aende wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane, na wanaompokea waambiwe kwanza kabisa kwamba amefanyiwa upasuaji wa paja na tarehe yake.