Ukitaka kuchora picha ya dini yenye shamba, anza na shamba

Wengi wakichora habari ya Biblia kwenye mazingira ya kilimo wanaanza na Yesu au mtakatifu, wanammaliza hadi kucha, afu ndo wanatafuta cha kuweka nyuma, basi shamba linakaa kama pazia la studio ya picha. Geuza. Amua msimu kwanza, ni kulima, kupanda, kupalilia au kuvuna, manake msimu ndo unaamua rangi ya udongo, urefu wa mazao, nani yuko shambani na kashika nini. Mpanzi kwenye shamba lililoiva utachekwa na wakulima (Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, Juni 1888 aliweka ngano iliyoiva nyuma ya mpanzi na picha ikatoka moto, ila yule ni yule).

Afu nenda shambani na daftari, usichukue picha kwa simu tu. Chora mikono na zana: jembe linashikwa wapi, mguu upi uko mbele, mgongo unapinda kuanzia wapi. Millet, mchoraji wa Ufaransa, alizaliwa kwenye familia ya wakulima, ndo maana kwenye picha yake Angelus ya 1857 hadi 1859 wale wawili waliosimama kusali ile uma ya kuchimbia viazi imechomekwa ardhini palepale kazi ilipokatikia, kapu liko chini, na wala hakuhitaji malaika.

Sasa utakatifu unauweka wapi? Kuna njia kadhaa. Bruegel, mchoraji wa Flanders (Ubelgiji ya leo), mwaka 1566 alimchora Maria juu ya punda anaingia Bethlehemu ambayo ni kijiji cha kwao kimejaa theluji, kamchanganya na watu mpaka unamtafuta, Yosefu unamjua kwa msumeno. Ukitaka hii pandisha upeo wa macho juu kabisa ili ardhi ijae picha. Mchoraji Elimo Njau naye miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, watu ni Waafrika na mandhari ni ya hukohuko. Na kama duara la dhahabu kichwani unaona limezidi, weka jua linalozama nyuma ya kichwa, Van Gogh alimfanyia hivyo mpanzi wake mwingine wa Novemba 1888, mi naona hii ndo mbinu tamu kuliko zote.

Kwenye rangi, paka turubai yote kwanza rangi nyepesi ya udongo mwekundu, iache ichungulie katikati ya majani, na rangi hiyohiyo ichanganye kwenye ngozi na nguo ili watu waonekane wametoka kwenye ardhi hiyo. Kijani cha kwenye tyubu usikipake kilivyo, kitie nyekundu au kahawia kidogo kitulie. Matuta ya karibu yaachanishe, ya mbali yabane na yapauke kuelekea bluu, na yapange yampeleke mtazamaji kwa yule unayetaka aonekane, hapo huhitaji hata kumkuza. Nguo nazo ziwe kauli moja, kama wote wamevaa za kazi na yeye asiwe kwenye kanzu nyeupe peeee, labda uwe na sababu.

Kabla hujapiga vanishi mwite mtu anayelima, muulize hapa ni msimu gani na huyu anafanya nini, akisita rudi kwenye zana na mikono, nyuso ziache kwanza.