Somo: Kampuni ikisema "tunapunguza wafanyakazi", usisaini haraka

Somo hili ni kwa walioajiriwa Tanzania Bara. Kupunguza wafanyakazi kunaruhusiwa, kwa mfano biashara ikiyumba au mashine mpya zikiingia. Kosa ni mabosi kumaliza mambo peke yao, kisha nyie mnaitwa kusaini tu.

Hatua ya 1: Angalia mmeambiwa lini. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya nia yake, aweke taarifa wazi, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na nyie wenyewe kama hamna chama. Mnajadili sababu, namna ya kuepusha, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Yote hayo KABLA ya kupunguza. Mimi niliitwa Ijumaa saa kumi na nusu jioni. Barua yenye jina langu ilishagongwa muhuri, kalamu imelazwa juu yake, na tarehe ilikuwa ya Jumatatu iliyopita. Hapo hapakuwa na mashauriano yoyote.

Hatua ya 2: Andika "nimepokea", usiandike "nimekubali". Weka tarehe na saa, piga picha. Omba muhtasari wa kikao na vigezo kwa maandishi.

Hatua ya 3: Msipoelewana, suala linatakiwa kwenda kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Hatua ya 4: Ukishaachishwa, hesabu siku 30. Ndani ya siku hizo jaza Fomu Namba 1 ya CMA na umfikishie mwajiri nakala. Mimi niliambiwa "subiri tutakupigia", nikasubiri hadi siku ya 34. Naomba asirudie mtu kosa hili.

Hatua ya 5: Piga hesabu yako mwenyewe. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mfano: mshahara wa 520,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni 20,000 kwa siku. Miaka 6 ni 840,000. Ongeza siku ulizofanya kazi na likizo unayodai, na usiondoke bila hati ya utumishi.

MASWALI

*Mkuu, mimi nina miezi minne tu kazini. Naweza kushtaki?*
Kwa kuachishwa isivyo halali, hapana; chini ya miezi 6 kinga hiyo haikuhusu. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na notisi bado ni haki yako, vidai.

*Kwetu wametolewa wajawazito wawili, walioingia juzi wamebaki.*
Dada, kumchagua mtu kwa ajili ya ujauzito ni ubaguzi, sheria inakataza. Waulizeni vigezo kwa barua, leo leo.

*Siku 30 zimenipita, ndiyo basi?*
Ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, ila lazima utoe sababu ya msingi na vielelezo, kama cheti cha hospitali. "Sikujua sheria" haitakusaidia. Nenda kesho asubuhi, kila siku inayopita inakuumiza.