Pedi ya PS4 inayojiendesha: namna ya kuitengeneza nyumbani

Mchezaji anakimbia kushoto na kidole hakijagusa kitu? Hiyo ni analogi, kile kijiti unachosukuma kwa kidole gumba, na ndiyo inayoua pedi nyingi. Usianze na ile rizeti (kuianzisha pedi upya) ya kitundu cha nyuma karibu na L2, kitufe cha begani upande wa kushoto. Inasaidia pedi inayogoma kuunganika, analogi iliyochakaa haiitibu.

Tumia bisibisi ya nyota ndogo, PH00. Kubwa zaidi itakula vichwa vya skrubu. Fungua skrubu 4 za nyuma, kisha achanisha gamba kwa kadi ya plastiki ukianzia kwenye mishikio. Fanyia ndani ya sinia, maana springi za L2 na R2 huruka zikapotelea chini ya kochi. Usiachanishe kwa pupa: kuna utepe wa chaji unaounganisha pande mbili, uchomoe taratibu. Betri nayo chomoa kwa kushika plagi, si nyaya. Bodi imeshikwa na skrubu 1.

Kila analogi ina visanduku viwili ubavuni, kimoja cha juu-chini, kingine cha kulia-kushoto. Ndani mna njia ya kaboni, na vijiguu vya chuma vinapita juu yake. Kaboni ikisagika inatoa unga, pedi inasoma mwendo usiokuwepo. Bandua kifuniko kwa ncha ya kisu bila kukunja pini, pangusa kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke kabisa. Tatizo likirudi, njia imeshalika na kusafisha tena ni kujichosha.

Dawa hapo ni kubadilisha analogi nzima. Kariakoo zinapatikana, nenda na ya zamani mkononi, na kabla ya kulipa isukume pande zote uone kama inarudi katikati yenyewe. Ina pini 14. Chuma cha kulehemu kiwe kama nyuzi joto 350 za Selsiasi, na kila pini iongezee kwanza lehemu mpya, kwa sababu ya kiwandani ni ngumu kuyeyuka. Fyonza lehemu yote kwa pampu yake, ndipo utoe analogi. Ukiing'oa kwa nguvu, vile vipete vya shaba vya kwenye matundu vinatoka nayo, na bodi imekwenda.

Kama ni vitufe vinavyogoma au kujibonyeza vyenyewe, usikimbilie kununua karatasi ya vitufe, ile nyembamba ya plastiki yenye mistari ya umeme chini ya vitufe. Mara nyingi ni kile kisponji kinachoikandamiza kwenye bodi, kimelala. Pangusa mistari ya karatasi, ongeza kipande chembamba cha sponji juu ya kile cha zamani. Dakika kumi, hakuna kulehemu.

Rudisha betri na utepe, jaribu kwenye gemu kabla ya kukaza skrubu. Gamba likiacha mwanya usilibane kwa nguvu. Fungua tena, kuna springi imekaa upande au waya umebanwa.