Delos kwa siku moja: jinsi ya kuzunguka magofu bila kutoka kapa

Wengi wakifika kisiwa cha Mykonos, Ugiriki, wanaishia bichi na kwenye mabaa, wakati Delos iko hapo jirani tu, kama nusu saa kwa boti, na Wagiriki wa kale waliamini ndipo miungu Apollo na Artemi walipozaliwa. Kisiwa kidogo, unakimaliza kwa miguu. Ila kulala hairuhusiwi, kwa hiyo masaa ni machache.

Hatua ya 1: usiiache Delos iwe ya siku ya mwisho ya safari. Kiangazi kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, ukichachamaa boti hazitoki. Panda boti ya kwanza asubuhi pale bandari ya zamani ya Mykonos, na kabla hujakata tiketi ulizia siku gani kisiwa kinafungwa na kama makumbusho yako wazi. Maji, kofia, viatu vya kufunga, siyo ndala. Kivuli ni cha kutafuta kwa tochi.

Hatua ya 2: mkishuka, umati utaenda kushoto kuwahi simba wa mawe. Wewe pinda kulia.

Hatua ya 3: hapo uko kwenye mtaa wa matajiri, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Waroma waliifanya Delos bandari huru mwaka 166 KK, wafanyabiashara wakamiminika kutoka Italia, Siria, Misri, na nyumba unazoziona ndo hela yao. Tafuta nyumba ya Kleopatra (siyo yule malkia, huyu ni mama wa Kiathene), sanamu yake na ya mumewe Dioskourides zimesimama uani hazina vichwa. Halafu nyumba ya Dionysos: sakafuni kuna picha ya vijiwe ya mungu mwenye mabawa kampanda chuimilia, zuumu kwa simu uone vipande vya mawe vilivyo vidogo ajabu. Chini ya nyua hizi kuna mabirika, maji ya mvua yalikuwa yanashuka kutoka kwenye mapaa. Na usisahau Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba soko la hapa liliweza kupokea na kuuza watumwa elfu kumi kwa siku moja, yaani huo utajiri nao una damu.

Hatua ya 4: panda kilima cha Kynthos kabla jua halijakolea, mita 112 tu, ngazi zipo. Juu tazama magharibi, kile kisiwa ng'ambo ni Rheneia. Mwaka 426 KK Waathene walifukua makaburi yote ya Delos wakayahamishia huko, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufa Delos, mjamzito na mgonjwa mahututi wote wanavushwa!

Hatua ya 5: sasa shuka kwenye patakatifu pa Apollo na kwa wale simba. Nje ni nakala, wa asili waliingizwa makumbusho, na mmoja aliibwa zamani, yuko Venice kabandikwa kichwa kisicho chake. Lile bonde lenye mnazi, samahani, mtende, lilikuwa ziwa takatifu, lilikaushwa miaka ya 1920 ili kuzuia malaria.

Hatua ya 6: rudi gatini mapema. Boti ya mwisho haitakusubiri hata kama umebakiza picha moja.