Pima Rangi ya Ua Kabla ya Kugusa Udongo

Wengi wanaofika kwenye kitalu changu hapa Kampala huniuliza ni mbolea gani itakayoyafanya maua yao yawe ya buluu. Kila mara huwaomba waipime kwanza rangi iliyomo ndani ya ua, kwa sababu ipo rangi inayoitikia udongo na ipo isiyoitikia kabisa.

Hatua ya kwanza. Chuma petali za hibiskasi nyekundu, za alizeti, na yale majani ya rangi ya bogonvilia ambayo watu huyaita maua, ingawa ua lenyewe ni kile kijiua cheupe kilicho katikati. Ponda kila aina peke yake, mimina maji ya vuguvugu, kisha chuja.

Hatua ya pili. Gawa kila maji katika vikombe viwili, kimoja ukamulie ndimu na kingine utie maji ya majivu yaliyochujwa. Maji ya hibiskasi yatazidi wekundu kwenye ndimu na kuelekea buluu au kijani kwenye majivu: hiyo ni rangi iitwayo anthosianini, ambayo huyeyuka katika maji ya seli. Maji ya alizeti hayatashika rangi nyingi, kwani rangi yake ya njano, karotenoidi, huyeyuka katika mafuta. Bogonvilia ina rangi ya aina nyingine, betalaini, ambayo ndimu haiibadilishi sana. Na kwa kuwa mmea wenye betalaini hautengenezi anthosianini, usitumie fedha zako kutafuta bogonvilia ya buluu.

Hatua ya tatu ni ya wenye haidrenjia, kile kichaka cha bustani chenye vishada vikubwa vya maua, na hapa ndipo wengi hukosea. Kikombeni asidi iliongeza wekundu, ilhali bustanini udongo wenye asidi huleta buluu. Sababu ni kwamba asidi ya udongo haifiki kwenye petali; kazi yake ni kuyeyusha alumini ili mizizi iinyonye, na alumini hiyo ndiyo inayoungana na anthosianini na kuifanya buluu. Udongo wetu mwekundu mara nyingi tayari una asidi, kwa hiyo ukitaka buluu usimwage majivu ya jikoni shinani, kwani hupunguza asidi, wala usitie kwa wingi mbolea ya DAP yenye fosforasi, maana fosforasi huifunga alumini. Ukipenda maua ya rangi ya waridi, tia majivu kidogo kidogo, na usitarajie mabadiliko kwenye maua yaliyokwisha kuchanua, ngoja yatakayofuata.

Haidrenjia nyeupe iache ilivyo, kwani haina anthosianini ya kuungana na alumini.